Pipi Nyeusi na Neno "Tamu"

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo tumelifanyisha kazi mpaka limechoka, nalo ni tamu. Usingizi mtamu, wimbo mtamu, mchuzi mtamu, maongezi matamu, soda tamu, riwaya tamu. Chukua tahakiki yoyote ya kitabu inayozunguka mitandaoni siku hizi. Mwandishi anahangaika aya tatu kusimulia kisa, halafu anafunga: "Kwa kweli ni kitabu kitamu sana, kitafute." Basi, imeisha hiyo. Msomaji anabaki hajui kama utamu wenyewe ni wa asali, wa chumvi kwenye embe bichi, au wa usingizi wa saa nane mchana.

Kwa hiyo safari hii nimeviweka vitabu pembeni, nikachukua kitu kisicho na pa kujificha: pipi. Pipi imetengenezwa iwe tamu, ndiyo kazi yake pekee duniani, kwa hiyo ukisema "ni tamu" hujasema lolote. Ukitaka kuihakiki inabidi uchimbe maneno mengine, na hapo ndipo utakapojua mfukoni mwako mna maneno kiasi gani.

Shemeji yangu anaishi Rotterdam. Alipokuja likizo alileta mfuko mzima wa pipi za kutafuna, za matunda na zile nyeusi ambazo Waholanzi huziita drop, na binti yake anayesoma Leeds akaongezea za Uingereza. Tulikaa watu watano wa kundi letu la usomaji, Jumapili moja Kinondoni, na sharti lilikuwa moja tu: atakayesema "tamu" anaweka shilingi mia tano mezani. Hadi magharibi zilikuwa zimefika elfu sita na mia tano.

Tuanze na za matunda, maana ndizo rahisi.

Dubu wa Haribo kila mtu anawajua. Jina la kampuni ni vipande vya jina la mwanzilishi na mji wake: Hans Riegel, Bonn. Alianza 1920, dubu wakaja 1922. Ukimweka dubu mdomoni, kwanza hana ladha, ana mwili. Unambana kwa jino anabonyea, unamwachia anarudi kama alivyokuwa. Hiyo ni kazi ya jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. (Kwa Waislamu: huko Ulaya mara nyingi mnyama huyo ni nguruwe. Wa kwetu walitoka kiwanda cha Haribo cha Uturuki, kinachotumia ya ng'ombe. Shemeji aliwanunua duka la Mturuki kwa makusudi, la sivyo wawili kati yetu wangekaa kutazama tu.) Jelatini huyeyuka karibu na joto la mwili, ndiyo maana dubu hulainika vizuri ulimini. Ndiyo maana pia ukiisahau pakiti ndani ya gari la Dar es Salaam mwezi wa pili, unakuta dubu mmoja mkubwa mwenye macho themanini.

Hukumu yangu kwa dubu: wana umbo zuri na hawana la kusema. Mwekundu na wa njano ukiwala macho yamefumbwa ni ndugu wa baba mmoja, tofauti yao ni ndogo mno. Ni kama zile hadithi fupi za mashindano ambapo kila mhusika ana jina lake na wote wanaongea kwa sauti ya mwandishi.

Fruittella ni kitu kingine. Hii imepangwa. Sekunde kumi za kwanza inakataa jino, ngumu kama nta ya mshumaa. Halafu inakubali ghafla, na katika kukubali huko ndipo uchachu unapotoka, si mwanzoni. Aliyeitengeneza alijua kwamba ladha inayocheleweshwa hukumbukwa kuliko ladha inayomwagwa mlangoni. Kasoro yake ni mwisho: inayeyuka haraka, inaacha sukari tupu kooni, unachukua nyingine bila kuamua. Wapo waandishi wa mfululizo wanaoishi kwa mbinu hii na nyumba wamejenga.

Lakini kuna jambo kuhusu ladha hizi za matunda ambalo halina mzaha, nami nataka nikae nalo kidogo.

Wengi wetu tulionja stroberi ya pipi miaka mingi kabla ya kuonja stroberi lenyewe. Tuliijua rangi, ile ya waridi. Tuliijua harufu, iliyokuwa kwenye pipi, kwenye maziwa ya pakiti, kwenye kifutio cha shule ambacho nusu ya darasa walikitafuna. Tunda lenyewe halikuwepo. Siku nilipolipata, limetoka Lushoto kwenye kiboksi cha plastiki, niliona limekosea. Chachu, jepesi, lina mbegu nje kama upele, harufu yake inanong'ona tu. Nililihukumu tunda kwa kulilinganisha na pipi. Yaani nakala ilikuwa imenifikia kwanza, na asili ilipokuja ikaonekana ni nakala mbovu.

Nani kati yetu hajafanya hivyo na vitabu? Tulisoma theluji kabla ya kuiona. Tulisoma ua la daffodil darasa la pili na hakuna mwalimu aliyewahi kulishika. Tatizo halikuwa kusoma habari za vitu vigeni. Mtoto wa Bonn naye hajawahi kuona bungo. Tatizo ni kwamba ladha ya bungo haikuwahi kutiwa kwenye pakiti ikamfikia. Fenesi, zambarau, bungo, ukwaju, ubuyu: hatukuwahi kuambiwa kwamba hizi nazo ni "ladha ya matunda". Pakiti ikiandikwa matunda, ndani ni stroberi, chungwa, limau na tufaha la kijani. Hiyo ni orodha ya vitabu teule kama orodha nyingine zote, na kuna mtu aliyeipanga.

Ndizi nayo ina kisa chake. Harufu ya ndizi kwenye pipi hutokana hasa na kemikali moja, ambayo ndizi halisi nazo zinayo pamoja na nyingine nyingi. Wapo wanaosema ile pipi inafanana zaidi na Gros Michel, ndizi iliyotawala masoko ya Ulaya na Marekani kabla ugonjwa wa Panama haujaifagia mashambani katikati ya karne iliyopita. Wazungu husimulia habari hii kwa huzuni, eti pipi ni mzimu wa ndizi iliyokufa. Sasa mwambie Mganda. Gros Michel ndiyo bogoya, inauzwa Kampala leo hii asubuhi, na muuzaji hana habari kwamba amebeba marehemu.

Haya, tuje kwenye nyeusi.

Neno lake tunalo, na si la kutunga. Kamusi za zamani zinaliandika urukususu. Limetoka Kiarabu, irq sus, mzizi wa msusi. Wamisri hulowesha mzizi huo wakapata kinywaji cheusi chenye povu, na wauzaji wake wa Cairo hupita mitaani na birika kubwa kifuani wakigonga visahani vya shaba, hasa Ramadhani. Wagiriki waliuita mzizi mtamu, Waholanzi na Wajerumani wanauita mti mtamu. Utamu wenyewe unatoka kwenye kitu kiitwacho glisirizini, ambacho hukadiriwa kuishinda sukari kwa utamu mara 30 hadi 50. Ila hauji kama wa sukari. Sukari inagonga na kuondoka. Huu unachelewa, unapanda polepole kutoka nyuma ya ulimi, na ukishapanda haushuki.

Na Wajerumani wana msemo: mtu anayembembeleza mwenzake kwa maneno ya sifa wanasema "anakwangua urukususu". Niliposikia nilicheka sana, nikakumbuka uzinduzi wa vitabu niliowahi kuhudhuria. Jukwaa zima watu wanakwangua urukususu, na mwandishi kakaa katikati anatabasamu.

Pakiti ya kwanza nyeusi ilikuwa ya Waingereza, Liquorice Allsorts, mchanganyiko wa vipande vyenye rangi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1899 Charlie Thompson, mchuuzi wa kampuni ya Bassett ya Sheffield, alikuwa akimwonyesha mnunuzi mjini Leicester sampuli zake moja moja, mnunuzi hazitaki, mpaka sinia likadondoka. Pipi zikachanganyika sakafuni, na mchanganyiko ule ndio ukanunuliwa. Iwe kweli au iwe chumvi ya wauzaji, pipi zenyewe zinakisadikisha kisa: zinaonekana kabisa kama vitu visivyojuana vilivyookotwa pamoja. Mraba wa tabaka nyeupe na nyeusi, hakuna kitu, sukari imebeba mzigo wote. Kile cha buluu chenye vishanga juu ni cha watoto. Lakini kile cha duara, cha waridi au njano, kina nazi. Nazi ya kweli, chembechembe unazisikia, imeuzunguka moyo mweusi. Tulinyamaza wote watano. Mmoja akasema, "Hii ni kashata iliyosafiri." Hakulipa mia tano, maana hakutumia lile neno, na hata sasa sijasikia sentensi bora ya uhakiki mwaka huu. Imesema umbo, imesema asili, imesema kilichobadilika njiani, kwa maneno manne.

Nyuzi nyekundu za Marekani, zile zilizosokotwa kama kamba, nitazipitia haraka. Wenyewe huziita urukususu mwekundu. Urukususu hamna humo. Ni ngano, sharubati ya mahindi na harufu ya stroberi, ile ile. Sina ugomvi na kamba, inatafunika. Nina ugomvi na jina.

Kutoka Yorkshire kulikuwa na vidonge vyeusi vya mviringo, saizi ya kifungo cha koti, vimepigwa muhuri wa ngome. Ni keki za Pontefract, mji ambao zamani ulilima urukususu mashambani mwake. Mshairi John Betjeman ameuandikia shairi. Mfamasia George Dunhill ndiye anayetajwa kuitia sukari dawa hii mwaka 1760 ikageuka pipi, na kiwanda chenye jina lake siku hizi ni cha Haribo. Nikizihukumu kwa haki, hizi ndizo zilizotupa shida zaidi, na kwa hiyo ndizo nilizozipenda. Ukiuma, kuna ukinzani laini, si wa mpira kama dubu, ni wa tope lililokauka nusu. Halafu kuna moshi. Kuna guru iliyoungua kidogo kwenye sufuria. Kuna shamari, ile inayotiwa kwenye tambuu. Uchungu unapita katikati kwa adabu, kisha ule utamu mrefu unaanza kupanda, na wakati huo mdomo umeshakuwa mtupu. Yaani unameza, ndipo pipi inaanza. Tulitafuta neno la kitu hicho kwa nusu saa nzima. "Mabaki" likakataliwa, linanuka jalala. "Mwangwi" likakataliwa, la kishairi mno. Mwalimu wetu mstaafu, aliyekuwa hajasema kitu tangu dubu, akasema neno lipo na tunalitumia kila siku jikoni: inakolea. Chai inakolea, nazi inakolea, chumvi inakolea. Kitu kinachokolea kinaendelea kuingia hata wewe ukiwa umeacha kukoroga.

Sasa chukua neno hilo ukalipeleke kwenye kitabu. "Ni riwaya tamu" haina habari. "Ni riwaya inayokolea baada ya kuifunga" ina habari, na inaweza kupingwa. Mtu anaweza kusema hapana, kwangu haikukolea, ilichujuka. Hapo mazungumzo yameanza.

Mwisho tulifungua zenye chumvi. Waholanzi hutajwa kuwa walaji wakubwa kuliko wote, hesabu inayosikika mara nyingi ni kama kilo 2 kwa mtu kwa mwaka, na wana ngazi: za kawaida, za chumvi, na za chumvi maradufu. Chumvi yenyewe si ya mezani. Ni kloridi ya amonia, Waarabu huiita nushadir, na mafundi wa kulehemu wanaijua kwa kusafishia chuma. Jina lake la Kilatini limetokana na Amoni, mungu wa Misri, aliyekuwa na hekalu huko Siwa jangwani. Wafini, wanaoipenda kupita kiasi, wanaita salmiakki, na kwa kuwa pipi zake hukatwa umbo la almasi, neno hilo limekuwa pia jina la umbo lenyewe. Hiyo ndiyo ninaiita pipi yenye fasihi.

Ladha? Weka kipande mdomoni. Kwanza pua inashtuka, kama umefungua chupa isiyo yako. Kisha ulimi unakunjamana. Sisi tuna neno ukakasi, la ndizi mbichi na kanju, na hili linakaribia. Kisha unakuja ukali wa magadi, yale magadi ya kwenye mlenda yakizidi. Wawili walitema. Mmoja alisema ni ugoro wenye sukari. Aliyelelewa kwa pipi kifua kama mimi huwa anadhani anajua pipi inayopigana, lakini pipi kifua inapiga pua ikamaliza. Hii inakaa na kubishana nawe.

Nilifikiria Nagona ya Kezilahabi, kitabu chembamba cha 1990. Najua watu waliokitema ukurasa wa tano, na najua watu wasiokubali kumwazima mtu nakala yao. Wote wanazungumzia maneno yale yale yaliyochapwa. Uhakiki mvivu utasema ni suala la ladha ya mtu. Sikubali. Salmiakki ina ukakasi kwa kila ulimi. Kinachotofautiana ni kama mlaji amewahi kufundishwa kuungojea upite. Watoto wa Helsinki wanafundishwa na bibi zao. Swali ni nani anatufundisha sisi.

Mguso wa hizi za Kiholanzi zilizo ngumu nao una habari yake. Kuna zinazotengenezwa kwa gundi ya mgunga badala ya jelatini. Gundi hiyo haibonyei na haiyeyuki kwa joto la mwili, inalika taratibu kama sabuni, unaimung'unya robo saa. Sehemu kubwa ya gundi hii duniani hutoka Sudan, mikanda ya Kordofan na Darfur, ambako watu huchanja mti na kusubiri utomvu ukauke. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo mwaka 1997, gundi ilisamehewa, kwa sababu viwanda vya soda na pipi vilishindwa kuishi bila hiyo. Tangu Aprili 2023 Sudan iko vitani. Nilisoma hayo huku kipande kikiwa bado mdomoni, na sikukitema, ila utulivu wa kukila ulipungua.

Aliyependa chumvi maradufu alikuwa mmoja tu kati yetu, mwalimu. Alikula kimoja, akala cha pili, akavuta pakiti upande wake kama mtu anayevuta mkeka. "Hii ina akili," alisema. Alikuwa kwenye cha sita nilipoanza kusoma maandishi ya nyuma, yale madogo, kwa msaada wa shemeji, maana yote ni Kiholanzi.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka pipi yenye gramu 4 au zaidi za ile asidi ya urukususu kwa kilo iandikwe wazi kwamba wenye shinikizo la damu waepuke kula nyingi. Si urembo. Kitu kile kile kinachotoa utamu mrefu huufanya mwili ung'ang'anie chumvi na maji na kupoteza potasiamu. Presha inapanda, na moyo unaweza kuyumba mapigo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huwaonya wenye miaka 40 na zaidi kwamba gramu 57 hivi za urukususu mweusi kwa siku, kwa wiki mbili mfululizo, zinaweza kumpeleka mtu hospitali. Na mwalimu wetu anameza dawa za presha mwaka wa kumi na moja sasa. Kila mwenye umri wake mtaani kwetu anameza.

Nilimsomea. Akanitazama, akaitazama pakiti. "Mama, sita hazitakuua," shemeji akasema, na ni kweli, hatari iko kwenye kula kila siku. Yeye lakini alishaifunga, akaikunja mdomo mara mbili, akaisukuma katikati ya meza. Akauliza onyo limeandikwa kwa lugha ngapi. Shemeji akahesabu: mbili, Kiholanzi na Kifaransa.

Roald Dahl, katika Boy ya 1984, anakumbuka wavulana wa Llandaff walivyoamini kwamba kamba za urukususu zinatengenezwa kwa damu ya panya. Baba wa mmoja wao, daktari, ndiye aliyemtisha mwanawe hivyo, na watoto wakaendelea kuzinunua. (Dahl huyu ndiye aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1938 kuifanyia kazi kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza na Kiswahili.) Na kile kiatu anachokila Charlie Chaplin kwenye The Gold Rush, 1925, kilikuwa urukususu mtupu, anakila kwa uma, anazungusha kamba zake kama tambi. Nilimsimulia mwalimu yote mawili wakati tunakusanya vikombe, kumchangamsha. Alicheka la kiatu. La panya halikumchekesha. Alisema daktari yule angalau alizungumza na mtoto kwa lugha anayoielewa, kisha akaomba apewe zile za duara zenye nazi, zilizobaki tatu, akazifunga kwenye leso.